Shokapu za Mwanjelwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baiskeli za gia zilifika Mbeya kwenye malori kutoka Dar es Salaam, zimefungwa pamoja na masufuria na viti vya mitumba, usukani umepindishwa, pedeli zimetolewa. Muuzaji wa soko la Mwanjelwa alizipanga kwa rangi ya fremu na unene wa tairi. Shokapu ya mbele iliyomgharimu mtu wa Ulaya au Japani fedha nyingi ilisimama bega kwa bega na ya baiskeli ya mtoto wa shule, na bei ikawa ileile. Ndiyo maana tulijifunza kuchagua kwa viganja. Unabana breki ya mbele, unaegemea usukani kwa uzito wako wote, unaachia. Ikiruka juu kwa kishindo, ndani hamna oili. Ikirudi taratibu, unaanza kuuliza bei huku macho yako yako kwingine.

Niliipata shokapu yangu ya Marzocchi kwa namna hiyo. Fundi wangu alikuwa mtu wa pikipiki, na baiskeli alizishika kwa sababu sisi vijana tulimganda. Alifungua kifuniko cha juu kwa spana ya kawaida, akavuta springi ndefu iliyochuruzika oili nyeusi, akaimimina oili yote kwenye kopo la Blue Band. Akaitazama, akacheka kwa furaha. “Mdogo wangu, hii ni pikipiki kabisa.” Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Marzocchi wa Bologna walikuwa wakitengeneza shokapu za pikipiki tangu 1949, na Bomber Z1 waliyoitoa kwa msimu wa 1997 ilichukua mambo yaleyale: springi ya chuma, oili inayozunguka wazi ndani ya mguu, mwendo wa milimita 100. Fundi akaweka oili mpya ya shokapu za pikipiki, akaipima kwa bomba la sindano ili miguu yote miwili ilingane. Baada ya hapo niliteremka kutoka Kawetele hadi mjini na mikono haikufa ganzi.

Wenzangu walionunua zile nyepesi walipata taabu. Shokapu nyingi za gharama za katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa na vipande vya mpira mahali pa springi. Waendeshaji wa mashindano walizipenda kwa wepesi wake. Lakini mpira huzeeka, unamomonyoka kama ugali uliolala. Na Mbeya ina Juni na Julai: asubuhi ya baridi mpira ulikuwa mgumu, unapita kwenye jiwe na shokapu haijui kama umepita. Fundi alijaribu kukata vipande vya bushi za gari. Vilicheza kidogo, basi.

Nilipohamia Iringa, miaka kumi na kitu baadaye, maduka yalikuwa na baiskeli mpya za bei poa, kila moja na shokapu nene inayong'aa. Tulifungua shokapu ya rafiki yangu iliyoanza kugonga. Mguu mmoja ulikuwa na springi na grisi kavu, bushi za plastiki zimelika. Mguu wa pili ulikuwa bomba tupu. Hakuna tone la oili, kwa hiyo hakuna kinachoizuia springi isirudi kwa nguvu. Kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi ya kwenda Kalenga gurudumu la mbele lilirukaruka na kupoteza ardhi kwenye kona, na hapo ndipo mtu anavunjika bega. Tena shokapu hiyo ilikuwa nzito, zaidi ya kilo mbili, na anayepanda kutoka Ipogolo hadi mjini analipia kila gramu kwa jasho.

Hata hivyo, baiskeli hiyohiyo ilikuwa na breki za diski. Marzocchi yangu ilikuwa na vishikizo vya breki za rimu peke yake, na katika mvua za Februari tope jekundu lilisaga pedi na rimu pamoja. Kuteremka Ipogolo kukiwa na mvua, rafiki yangu alisimama pale alipotaka. Mimi nilianza kubana mapema sana. Jambo hilo ni zito, na wanaosifu vya kale bila kulitaja hawasemi kweli.

Baadaye nikapanda baiskeli iliyofungwa shokapu mpya ya Judy. Mwaka 1995 Judy lilikuwa jina la shokapu za kifahari; miaka mingi baadaye kampuni ya RockShox ililirudisha kwenye shokapu za bei ya chini. Hii ina hewa mahali pa springi, unaijaza kulingana na uzito wako, na kitufe cha chini kinapunguza kasi ya kurudi. Kwenye mawe ya Gangilonga ilishika mstari kuliko chochote nilichowahi kumiliki, na Marzocchi imo ndani ya hesabu hiyo. Ila inataka pampu yake maalumu, na sili zake huzikuti kwa muuza vipuri vya bodaboda.

Anayenunua leo Iringa namwambia aanze na lile jaribio la Mwanjelwa, breki ya mbele na uzito wote. Ikiruka, aiache dukani hata kama ni mpya. Ikirudi taratibu na ina diski, achukue, na aagize sili za akiba siku hiyohiyo.