Barua ya Lanet na Ng'ombe wa Dada

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, wasomaji wangu, mniwie radhi. Nilikuwa nyumbani Turbo. Wenzangu niliosoma nao kompyuta chuoni bado hucheka wakisikia jina hilo, maana programu zetu za kwanza tuliziandika kwa Turbo C++. Hapana jamani, Borland hawakuipa bidhaa yao jina la kwetu! Turbo yangu ni mji mdogo kwenye barabara kuu ya Eldoret kwenda Malaba, mahali pa mahindi, maziwa na malori.

Basi, jioni ya pili dada yangu akaniambia anauza ng'ombe. Nikauliza kulikoni. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne na kupata B, akanipa simu yake huku anatabasamu.

"Mjomba, nimepata jeshi. Ukadeti!"

Kwenye WhatsApp kulikuwa na faili la PDF: nembo, mhuri, saini, na tarehe ya kuripoti Lanet. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa mtu aliyejiita afande. Alitaka shilingi elfu mia mbili kabla ya Ijumaa.

Naelewa kwa nini dada alikuwa tayari. Kwa mtoto wa mkulima, ukadeti ni ufadhili mkubwa wa masomo. Ukichukuliwa unakwenda Chuo cha Kijeshi cha Kenya kule Lanet, karibu na Nakuru, unafunzwa na kulishwa kwa gharama ya serikali, na unatoka ukiwa afisa. Tangu Chuo Kikuu cha Ulinzi cha Taifa kianzishwe mwaka 2021, chuo cha Lanet kiko chini yake, kwa hiyo elimu ya chuo kikuu na uafisa vimekaa pamoja. Linganisha na sisi tuliosoma kwa mkopo wa HELB, ambao riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na unaanza kuulipa hata kabla hujanunua kitanda.

Masharti ya ukadeti hutangazwa wazi: uwe raia wa Kenya, umri kati ya miaka 18 na 26, wastani wa B katika KCSE, alama nzuri za Kiingereza na Hisabati, urefu usiopungua mita 1.60. Wenye shahada tayari wana mlango wao, ule wa maafisa wataalamu, na umri unafika hadi miaka 30. Tangazo lenyewe husema kuomba ni bure, na kwamba kutoa hongo ni kosa la jinai.

Nikamwomba mpwa wangu tuikague ile barua pamoja.

Kwanza, anwani ya tovuti. Anwani husomwa kuanzia mwisho wake, si mwanzo. Tovuti ya Wizara ya Ulinzi ni mod.go.ke, na majina yanayoishia na .go.ke hupewa taasisi za serikali tu. Iliyoandikwa kwenye barua ilikuwa na maneno yote ya kijeshi, lakini ikaishia na .com. Jina kama hilo mtu yeyote hununua kwa bei ya kilo chache za nyama.

Pili, faili lenyewe. Nililifungua kwenye kompyuta nikatazama taarifa zake. Lilitengenezwa kwa programu ya simu, Jumapili, saa tano usiku. Taarifa hizi zinaweza kughushiwa, kwa hiyo zikionekana safi usiseme barua ni halali. Lakini zikionekana hivi, shtuka.

Tatu, na hili halihitaji kompyuta: nilimuuliza aliomba lini, na alifanyiwa mahojiano wapi. Akanyamaza. Hakuwa ameomba.

"Lakini ina mhuri, mjomba."

Hapo ndipo niliposema jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Nilifanya KCSE mwaka 2016, mwaka ambao watahiniwa 141 tu walipata A nchi nzima, na B yangu ilionekana kama dhahabu. Mwaka uliofuata baba aliuza ng'ombe wawili, akampa pesa mtu aliyeahidi kunifikisha Lanet. Barua ikaja, nayo ilikuwa na mhuri. Niliibeba hadi getini nikiwa na sanduku jipya. Askari aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Rudi nyumbani, kijana," akaniambia kwa upole. Upole wake uliniumiza kuliko matusi. Baba hakuwahi kulitaja tena. Baadaye nilipata nafasi chuo kikuu, nikasomea kompyuta, na watu wakasema Mungu ana mipango yake. Lakini mpaka leo nikipita kwenye lile zizi naona pengo.

Dada hakuyajua hayo. Aliinuka, akampigia mnunuzi, akamwambia asije.

Baadaye mpwa wangu akaniuliza: "Kwa hiyo jeshi ni bure?"

Kuomba ni bure, nilimwambia. Jeshi lenyewe lina bei. Mwezi Januari 2016, kambi ya wanajeshi wetu kule El Adde, Somalia, ilishambuliwa, na mama alizima redio akaniambia nisahau magwanda. Marehemu Jenerali Francis Ogolla alijiunga na jeshi mwaka 1984, likampeleka Marekani kusomea urubani, akapanda hadi kuwa Mkuu wa Majeshi. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta yake ilianguka Elgeyo Marakwet, si mbali na kwetu, akafa pamoja na wenzake tisa. Jeshi hukusomesha kweli, kisha unalilipa kwa miaka yako, na pengine kwa zaidi ya miaka. Bei hiyo haijaandikwa kwenye barua ya tapeli. Yeye anataka ng'ombe tu.

Kijana akasema anaelewa, na bado anataka. Tumekubaliana asubiri tangazo halali, aombe mwenyewe, kwa jina lake na alama zake. Akikosa, amekosa kwa haki.

Mimi nina miaka 27. Ukurasa wa maafisa wataalamu nimeufungua mara mbili wiki hii, nikaufunga.

Ng'ombe bado yuko. Asubuhi niliyoondoka, chai ilikuwa na maziwa yake.