Mtoto Asiye na Namba

Bili yangu ilikuwa na kurasa sita. Ya mtoto ilikuwa na mbili, na pale juu, mahali pa jina, iliandikwa "Mtoto wa" kisha jina langu. Alikuwa na siku nne duniani na tayari anadaiwa 41,200.

Nilijifungua kwa upasuaji, Jumapili usiku. Haukuwa mpango. Mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka, nikaletewa fomu, nikatia sahihi. Hebu niambie nani husoma fomu akiwa na uchungu. Mstari mmoja, nilikuja kuuona baadaye, ulisema chochote ambacho bima itakataa nitalipa mwenyewe.

Sikuwa na wasiwasi. Kadi ya kazini niliambiwa inalipa hadi milioni mbili kwa mwaka. Juu yake, kila mwezi nakatwa 2.75% ya mshahara ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Yaani bima mbili. Nilijiona tajiri.

Keshia alinieleza kwa upole, kama mtu ambaye ameyasema maneno hayo mara tano tangu asubuhi. Milioni mbili ni za kulazwa. Kuzaa si kulazwa.

"Lakini si nimelazwa?" nikamuuliza, mkono kwenye mshono.

Kuzaa kuna mfuko wake, na wangu una 150,000. Jumla ilikuwa 238,400. SHA hulipa 30,000 kwa upasuaji wa uzazi. Toa hizo, toa 150,000, zinabaki 58,400. Kisha za mtoto, aliyewekwa chini ya taa siku tatu kwa sababu ya manjano. Hizo hazikuwa na mwenyewe, kwa kuwa mtoto hayuko kwenye kadi.

"Angekuwaje kwenye kadi na amezaliwa Jumapili?"

"Msajilini leo, madam. Lakini wanataka jina."

Jina hatukuwa nalo. Kwa kina mume wangu, nyanya ndiye hutoa jina, na nyanya alikuwa kwenye matatu kutoka Kitui, simu imezimika. Tungemngoja, lakini kulala usiku mmoja zaidi kungeongeza kitanda changu, kitanda cha mtoto, na chakula ambacho hata sikuwa nakila.

Nikaomba bili inayoonyesha kitu kimoja kimoja, nikaketi na kalamu. Nusu yake ilikuwa herufi na namba tu. Nilitambua glavu, nyuzi, na dawa ya usingizi mara mbili: ganzi ya mgongoni, ambayo nilidungwa, na ile ya kulaza mtu kabisa, ambayo sikupewa. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilimsikia mtoto akilia. Huo ndio ulikuwa ushahidi wangu wote. Keshia akapiga simu ghorofa ya juu, akangoja, akafuta 18,500. Hakuna aliyesema pole. Nilifurahi kwa dakika moja hivi, halafu nikaanza kuwaza: na kama kweli ningekuwa nimelala?

Mama wa kitanda cha pili alinitazama nikirudi. "Kumbe unaweza kukataa?" Nikampa kalamu.

Zilizobaki, 39,900, tulizilipa kwa M-Pesa vipande vipande: za mume wangu, za dada yangu, na Fuliza.

Saa tisa alasiri mtu wa HR akatuma ujumbe kwamba fomu ya mtoto ifike kabla ya saa kumi na moja. Mume wangu alishika simu, kidole juu ya ile nafasi tupu. Akanitazama. Nikamtazama. Tukaandika jina. Idhini ilikuja saa kumi na dakika arobaini, na ile bili ya kurasa mbili ikafungwa.

Mama mkwe tulimkuta getini jioni, na leso mpya na chupa ya uji. Alimchukua mtoto, akamnusa kichwa, akafumba macho kidogo. Kisha akauliza kama tuko tayari kusikia jina.

Risiti ilikuwa mkononi mwa mume wangu. Aliikunja, akaitia mfukoni.