Mita 500 za Legehar

Jumatatu, 14 Oktoba 2019, Addis Ababa

Nimepanda treni ya mjini kutoka Ayat hadi Legehar, nimesimama njia nzima. Nauli ni birr chache, na behewa lilijaa wanafunzi, vibarua na wanawake waliokuwa wakienda sokoni. Reli hii ya kilometa 34, njia zake mbili, ilifunguliwa mwaka 2015, sehemu kubwa kwa mkopo wa China. Usafiri wenyewe nimeupenda kwa dhati.

Kilichonisumbua ni kuufikia. Upande wa Ayat reli imelazwa katikati ya barabara pana, ikazungushiwa uzio. Nimemwona mama mwenye mtoto mgongoni akitembea kandokando ya uzio kutafuta pa kuvukia, na kituo anakiona. Sisi watu wa mipango miji tunachora duara la mita 500 kwenye ramani, kisha tunaandika kwamba wote waliomo wako jirani na kituo. Tungepima kwa njia anayopita yule mama.

Jumanne, 15 Oktoba

Lideta. Magorofa ya kondominiamu, maduka chini, kituo karibu. Kwa macho ya kitabuni hapa hakuna cha kukosoa: makazi ya msongamano, biashara, treni. Ila mtaa wa zamani ulibomolewa kabla reli haijafika, na wengi walioshindwa kutoa malipo ya awali ya nyumba mpya walihamishiwa pembezoni mwa jiji. Waliokuwa wakienda kazini kwa miguu ndio sasa wanaohitaji usafiri kuliko wote.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimerudi Legehar, penye stesheni ya zamani ya reli ya Djibouti. Treni ya mjini inapita juu kwenye nguzo. Novemba mwaka jana ulizinduliwa hapa mradi mkubwa wa kampuni ya Eagle Hills ya Abu Dhabi, kwenye hekta 36, kwa ahadi kwamba kaya zipatazo 1,600 zilizomo zitajengewa nyumba hapahapa. Ahadi hiyo ndiyo kiini cha mpango wote, si minara iliyo kwenye michoro. Ardhi ya Ethiopia ni mali ya umma, jiji linaikodisha. Kituo kikipandisha thamani ya kiwanja, serikali ndiyo yenye kauli ya nani anufaike. Haiwezi kusingizia soko.

Kwetu Tanzania nako ardhi ni ya umma, Rais akiwa mdhamini.

Jumamosi, 2 Novemba, Dar es Salaam

Nimeshuka kwenye basi la mwendokasi pale Magomeni. Kota mpya zinapanda kando ya Barabara ya Morogoro, hatua chache kutoka kituoni. Kaya 644 zilizobomolewa nyumba zao zinajulikana, zimeahidiwa kurudi. Mwanzo mzuri, tena kwenye ardhi ambayo mfanyabiashara yeyote angeililia.

Lakini nyumba zilizobomolewa zilikuwa za serikali. Mitaa mingine kandokando ya njia hii imejaa watu wa chumba kimoja cha kupanga. Siku ya fidia anaitwa mwenye nyumba; mpangaji anafunga virago. Mama lishe mwenye meza mbele ya kituo naye hana karatasi.

Jumatatu nitapendekeza ofisini kwamba, kabla ya kubadili matumizi ya kiwanja chochote karibu na kituo, orodha ya kaya iandikwe nyumba kwa nyumba, wapangaji na wenye meza wakiwamo, na idadi ya vyumba vya kodi nafuu iwekwe kwenye masharti ya hati ya mjenzi. Wataniuliza gharama. Nimeanza kuipiga hesabu usiku huu.