Pikapu ya umeme ya kukodi: Faida iko wapi?

Huku kwetu gari jipya huingia uani kwa njia mbili tu. Ama umelinunua kwa pesa taslimu, au umelichukua kwa mkopo na kitabu chake kinakaa benki mpaka umalize deni. Njia ya tatu, ya kulikodi gari kwa miaka miwili au mitatu, kulilipia kila mwezi na hatimaye kulirudisha kwa mwenyewe, ni wachache wetu wanaoijua, ingawa serikali imekuwa ikiwakodia polisi magari kwa mtindo huo tangu mwaka wa 2013. Kule Marekani jambo hilo ni la kawaida kama vile kupanga nyumba Umoja au Kayole.

Mimi nililazimika kulijua kwa undani Agosti 2025. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Minneapolis katika jimbo la Minnesota, alinitumia kwa simu picha za kurasa sita za mkataba. Chini yake aliandika: "Mdogo wangu, wewe ndiwe mtu wa kusoma. Niambie kama hii ni bei nzuri au naibiwa."

Gari lenyewe lilikuwa Ford F-150 Lightning, pikapu kubwa inayotumia umeme mtupu, isiyojua petroli. Kampuni hiyo iliitangaza Mei 2021 na ikaanza kuiunda kwa wingi mwaka uliofuata huko Dearborn, karibu na Detroit. Ile yenye betri kubwa ya kilowati-saa 131 hukadiriwa kwenda maili 320, yaani kilomita 515 hivi, kwa chaji moja. Mtu angetoka Nairobi hadi Mombasa bila kusimama. Tena ina soketi za umeme ambazo fundi anaweza kuchomeka msumeno wake hapo hapo kazini. Kaka alikuwa ameiendesha mara moja, na nilijua kutokana na sauti yake kwamba moyo ulikuwa umekwisha kutekwa.

Yafaa nieleze kwa nini swali lake lilituhusu sisi sote. Kaka huhudumia wazee usiku, na Jumamosi huwabebea watu vyombo wanapohama, akitumia Toyota Tacoma ya mwaka wa 2009 na trela lake. Kila mwezi hutuma dola 300 nyumbani. Pesa hizo ndizo karo ya kitindamimba wetu, ambaye yumo mwaka wa pili akisomea uuguzi. Mama hakuuliza gari lina rangi gani. Aliuliza, "Na mtoto atamaliza?"

Lakini haki isemwe pia. Huyu ni mtu aliyevaa koti la mtumba miaka kumi na minne katika nchi ambayo theluji hufika magotini. Harusi zetu amechangia, mazishi amechangia, na hata bati la jikoni kwa mama ni jasho lake. Sikuona ni kwa nini mimi, niliyekula jasho hilo, ndiye nimwambie gari jipya si lake.

Basi nikaketi na karatasi na kikokotoo kwa muda wa wiki nzima.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba malipo ya kukodi hayana uchawi. Unapokodi hulipii gari zima. Unalipia ile thamani linayopoteza likiwa mikononi mwako, pamoja na riba. Mkataba wa kaka ulisema bei ya gari ni dola 62,000, na baada ya miezi 36 linakadiriwa kubaki na thamani ya dola 32,000. Tofauti ni 30,000. Gawanya kwa 36, upate dola 833 kila mwezi. Kuhusu riba, hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa haiandikwi kama asilimia. Huandikwa kama tarakimu ndogo isiyotisha, 0.0025. Ukizidisha tarakimu hiyo kwa 2,400 unapata riba ya kawaida ya mwaka, nayo ilikuwa asilimia 6. Hiyo iliongeza dola 235 kwa mwezi. Jumla ikawa dola 1,068, kabla ya ushuru na ada za makaratasi.

Nilikuwa nimeshasoma kuhusu sheria iliyopitishwa Marekani Agosti 2022, ambayo ilitoa nafuu ya ushuru ya hadi dola 7,500 kwa gari la umeme. Kwa gari la kukodi, nafuu hiyo haikuwa ya dereva. Ilikuwa ya kampuni inayokodisha, maana ndiyo mwenye gari. Kampuni ingeweza kumpunguzia mteja au ikatia mfukoni. Nikatafuta 7,500 katika kurasa zote sita na sikuiona popote.

"Kaka," nikamwambia kwa simu, "muulize muuzaji ile nafuu ya serikali iko ukurasa wa ngapi."

Aliuliza. Siku mbili baadaye kukaja mkataba mpya. Bei ilikuwa imeteremka hadi 54,500, na malipo ya mwezi yakawa dola 841. Muuzaji hakuomba msamaha wala kueleza. Alisema tu kwamba waharakishe, kwa sababu nafuu hiyo ilikuwa imewekewa kikomo, Septemba 30, 2025. Jambo hilo lilikuwa kweli kabisa, kwani sheria ya kuifuta ilitiwa sahihi Julai 4 mwaka huo. Mwuza samaki wa saa kumi na mbili jioni naye husema kweli anapokuambia kesho hawatakuwako. Hata hivyo, si lazima ununue.

Kaka alifurahi sana na akadhani kazi imekwisha. Nikamwomba aende kwenye Tacoma yake na kunisomea maili zilizoko. Mkataba ulimruhusu maili 10,000 kwa mwaka, na kila maili ya ziada ingemgharimu senti 25. Kaka hakujua anaendesha kiasi gani, na sidhani ni wengi wanaojua. Tukalinganisha na risiti ya fundi ya mwaka uliotangulia, tukapata maili 17,000. Ziada ya 7,000 kila mwaka kwa miaka mitatu ni maili 21,000, yaani dola 5,250 za kulipwa siku ya kurudisha gari. Zigawe kwa miezi 36, ni kama dola 146. Ile 841 sasa ilikuwa 987. Ni kweli mtu aweza kununua maili zaidi mapema kwa bei nafuu, lakini bure hazipo.

"Lakini nitaacha kununua petroli," alisema. Hapo alikuwa na hoja, na ndiyo hoja iliyonichukua muda mrefu zaidi.

Tacoma yake ilikwenda maili 20 kwa galoni. Maili 17,000 ni galoni 850, na kwa dola tatu kila galoni ni dola 2,550 kwa mwaka. Lightning hutumia kilowati-saa 48 hivi kwa maili 100, kwa hiyo ingehitaji kama 8,160 kwa mwaka. Anayechaji nyumbani usiku kwa senti 15 atalipa dola 1,224. Hiyo ni chini ya nusu ya petroli, na mtu mwenye nyumba yake na gereji hana haja ya kuendelea kusoma makala haya, akakodi. Kaka yangu anaishi ghorofa ya tatu katika nyumba ya kupanga. Gari hulala barabarani. Hakuna mwenye nyumba atakayemruhusu kuteremsha waya dirishani. Angetegemea vituo vya kuchaji haraka vya kando ya barabara, na huko umeme unaweza kufika senti 50. Kwa bei hiyo ni dola 4,080 kwa mwaka. Umeme ungemla kuliko petroli!

Tena hesabu hiyo ni ya siku za jua. Minnesota hupata baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri. Betri katika baridi kali hupoteza robo au theluthi ya mwendo wake, kwa kuwa umeme mwingi huenda katika kuipasha joto betri yenyewe na dereva wake. Na ukifunga trela lililojaa makabati ya watu, mwendo hupungua karibu nusu. Jumamosi ya Januari ingemkuta kaka kwenye kituo cha chaji, mteja akimngoja kando ya barabara na kitanda chake.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho nilikuwa nikikingojea. "Nikimaliza nitalileta nyumbani, mama alipande." Nikamkumbusha kwamba gari la kukodi halina kumaliza, siku ya mwisho unarudisha ufunguo au unalinunua kwa ile dola 32,000. Na hata ukilinunua, usukani wake uko kushoto. Sheria ya Kenya haikubali kusajili gari la kawaida la usukani wa kushoto.

Hapo alikasirika. "Wewe hujui baridi ya huku," alisema, na simu ikakatwa. Hatukuongea kwa siku tisa. Dada mdogo alidhani ni kwa ajili ya karo yake na akaanza kuzungumzia kuahirisha masomo, jambo lililonikosesha usingizi kuliko hesabu zote.

Nataka nieleweke. Sisemi kukodi ni ujinga. Nikipima gari la umeme, naona ni afadhali kulikodi kuliko kulinunua jipya. Teknolojia hii inabadilika kwa kasi, na bei zake zimekuwa zikipanda na kushuka kama ngalawa. Lightning ya bei ya chini kabisa ilianza kwa dola chini kidogo ya 40,000, ikapanda hadi karibu 60,000 mapema mwaka wa 2023, kisha Julai mwaka huo huo ikateremshwa hadi karibu 50,000. Aliyeinunua kabla ya kuteremka aliumia peke yake. Aliyekodi alirudisha ufunguo, na hasara ya thamani ikawa ya mwenye gari. Rafiki ya kaka, ambaye ana nyumba yake na husafiri maili chache, alitia sahihi mwezi huo wa Septemba na ninaambiwa anatabasamu hadi leo.

Siku ya kumi kaka alipiga simu. Hakutaja ugomvi. Alisema ameinunulia Tacoma magurudumu manne mapya ya theluji na betri, na kwamba karo ya Septemba imetumwa. Niliuliza kama ana hasira bado. Alisema hasira anayo, lakini si kwangu.

Desemba 2025 kampuni ya Ford ilitangaza kwamba inakomesha uundaji wa Lightning ya umeme mtupu, na kwamba itakayofuata itabeba pia injini ya petroli ya kuzalisha umeme. Nilidhani habari hiyo ingemfanya kaka ashukuru. Badala yake aliniandikia usiku kwamba pikapu zilizokodiwa mwaka wa 2024 kwa miaka mitatu zitarudishwa mwaka wa 2027, nazo zitauzwa kama mitumba. Anatafuta nyumba ndogo yenye gereji. Anataka nianze kumpigia hesabu.