Aleji Yangu na Safari ya Kutafuta Mtoto

Anayeishi Dodoma haelezwi upepo wa kiangazi. Vumbi huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na kwangu mimi, mwenye pumu na mafua ya mzio tangu utotoni, huo ni msimu wa chafya, macho kuwasha na kifua kubana usiku. Ndio msimu tulioanza matibabu ya kupandikiza mimba Dar es Salaam.

Wifi yangu, kwa upendo kabisa, alinisihi niache kila kidonge: mwili unaosubiri mtoto uwe safi. Kwenye duka la dawa nako nikapewa vidonge vya mafua, nikaambiwa havina shida. Maneno haya mawili yalinikosesha raha. Nikakusanya dawa zangu zote nikaenda kuzimwaga mezani kwa nesi wa kliniki.

Pale ndipo nilipobadilika. Nesi aliyapita majina makubwa ya kwenye maboksi, akasoma yale maandishi madogo ya viambato. Vidonge vya mafua vilikuwa na pseudoefedrini, dawa ya kuzibua pua inayobana mishipa ya damu. Haishauriwi miezi 3 ya mwanzo ya ujauzito, na aliyewekewa kiinitete hawezi kujua siku ile kama mimba imeshika. Ikawekwa kando. Ibuprofeni nayo ikaondolewa, kwani dawa za jamii yake zinaweza kulizuia yai lisitoke kwenye kifuko chake. Daktari akaniruhusu loratadini, miligramu 10 kwa siku. Hiyo na setirizini zimetumiwa na wajawazito wengi na usalama wake umefuatiliwa kwa miaka mingi.

Kisha nesi akauliza, "Dada, kuna chakula kinachokudhuru?" Nilishangaa swali limetokea wapi. Kumbe baadhi ya sindano za projesteroni huchanganywa na mafuta ya ufuta au karanga! Mwenye mzio wa karanga akinyamaza, sindano ya kumsaidia kushika mimba inaweza kumweka hatarini.

Kwenye inhela daktari alikuwa mkali. Pumu iliyoachwa bila dawa humnyima oksijeni mama, na mtoto hupata kupitia kwa mama huyo huyo. Budesonidi ya kuvuta hufanya kazi kwenye mapafu na kiasi kidogo tu huingia kwenye damu. Nikaendelea nayo bila hofu, na pua nikaisafisha kwa maji ya chumvi ya duka la dawa.

Mimba ilikuja baadaye, si mara ile. Siisifii loratadini kwa hilo; hakuna dawa ya aleji inayoleta mimba. Lakini nilipumua, nikalala, nikayavumilia matibabu.

Dada unayetafuta mtoto, usiache inhela yako kwa maneno ya watu, wala usimeze kidonge kwa sababu kinauzwa bila cheti. Beba zote, na za kienyeji pia, umwonyeshe daktari wako kabla ya sindano ya kwanza.