Reli Iliyotundikwa Juu ya Mto



Mwezi wa Juni mwaka 2023 nalitumwa pamoja na ndugu wawili kwenda Ujerumani, katika mji wa Wuppertal, kuwaamkia Wakristo wenzetu wa huko. Mji huo si mgeni kwetu. Chama cha misheni cha Rhein, kilichoundwa mwaka 1828, kilikuwa na makao yake Barmen, ambayo sasa ni sehemu ya Wuppertal; na hata leo makanisa ya Tanzania, Rwanda na Kongo yana ushirika na misheni iliyo na ofisi yake mjini humo. Lakini habari za mikutano nitaziacha. Nataka kuwasimulia habari za reli niliyoiona, maana ilinifundisha neno nisilolitazamia.

Mji huu umelala bondeni. Mto Wupper hupita katikati yake, ukijipinda huku na huku, na vilima vimeusonga pande zote mbili. Zamani watu wake walikuwa wafumaji na watia rangi nguo. Viwanda vikaongezeka, watu wakajaa, hata barabara zikawa hazitoshi. Wakaulizana, Reli tutaiweka wapi? Chini hapakuwa na nafasi. Ndipo wakakusudia kuitundika juu ya mto wenyewe, kwa kuwa juu ya maji hapakuwa na nyumba ya mtu ye yote. Ufundi wa kutundika magari hivyo ulitoka kwa Eugen Langen, mtu wa Köln, naye akafa mwaka 1895 asiione kazi yake. Ujenzi ulianza mwaka 1898. Kaisari Wilhelm wa Pili akapanda gari la majaribio mwezi wa Oktoba 1900. Na tarehe 1 Machi 1901 watu wote wakafunguliwa njia. Mwaka 1903 ikafika mwisho wake wa mashariki.

Pengine utauliza, msomaji, Yafananaje? Fikiri miguu mikubwa ya chuma, mmoja ukingo huu na mmoja ukingo ule, imeinamiana kama makombamoyo ya paa. Juu yake zimelazwa boriti za chuma, na kila upande una reli moja tu. Gari haliketi juu ya reli kama magari tuliyoyazoea. Magurudumu yako juu ya paa lake, nalo laning'inia chini yake kama popo katika mwembe. Laendeshwa kwa nguvu ya umeme. Njia yote ni kilometa 13 na kidogo, yenye stesheni 20. Kilometa 10 hivi ziko juu ya mto, yapata mita 12 kutoka majini. Zilizobaki zapita juu ya barabara kwenda Vohwinkel.

Tulipanda Oberbarmen pamoja na mwenyeji wetu, mzee wa kanisa. Mimi nalishika chuma kwa mikono miwili, maana gari liliyumba kidogo tulipoingia, na kwenye kona likalala upande kama mashua. Wenyeji hawakutazama hata nje. Mama mmoja alikuwa akimlaza mtoto wake. Wanafunzi walisoma vitabu vyao. Kikongwe mmoja alisinzia na kikapu chake magotini. Tukapita Werther Brücke, stesheni iliyohifadhiwa kwa mapambo yake ya kale, na Kluse, iliyobomolewa wakati wa vita, ikajengwa tena mwaka 1999. Mzee akatuchekesha kwa habari ya ndovu mchanga, jina lake Tuffi, aliyepandishwa garini mwaka 1950 ili watu wavutwe kwenda kutazama michezo ya wanyama. Akaingiwa na hofu, akavunja upande wa gari, akaanguka mtoni, asife.

Lakini tulipokaribia Robert-Daum-Platz mzee akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu zangu, hapa ndipo watu walipokufa."

Akatueleza hivi. Tangu mwaka 1901 hakuna abiria aliyekuwa amekufa kwa gari kuanguka, na watu wakajivunia reli yao. Mwaka 1999 mafundi walikuwa wakibadilisha vyuma vilivyochakaa, nao hufanya kazi usiku magari yakiwa yamelala. Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 12 Aprili, kazi ikawabana, na saa ya magari kutoka ilikuwa karibu. Wakafungasha vyombo vyao wakaondoka. Kibano kimoja cha chuma, yapata kilo 100, kikaachwa kimefungwa kwenye reli. Gari la kwanza la alfajiri likaja kwa mwendo wake wote, likakigonga, likaanguka mtoni. Watu 5 wakafa, na 47 wakaumia.

Nalimtazama yule kikongwe aliyesinzia. Reli iko juu ya paa. Abiria hawezi kuiona. Hawezi kujua kama fundi wa usiku alipita mara ya mwisho na taa yake au hakupita. Yeye hupanda tu, kwa kuamini.

Ndipo nalikumbuka jambo langu mwenyewe. Miaka iliyopita nalikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa ubatizo, na Pasaka ilikuwa karibu. Kijana mmoja alikuwa na ugomvi na nduguye kwa ajili ya shamba la baba yao. Nalijua. Lakini siku zilikuwa chache, majina yalikwisha kuandikwa, nikajisemea, Watapatana baadaye. Nikamwombea, akabatizwa. Hawakupatana. Ugomvi uliwaka mbele ya watoto wao, na nyumba zile mbili hata leo hazili pamoja. Kibano kilikuwa kwenye reli, nami nilikiona, nikafungasha vyombo vyangu nikaenda zangu.

Wazazi wapendwa, nanyi walimu wenzangu, wengi wetu hatuachi kazi kwa uvivu. Twaiacha kwa sababu kumepambazuka na watu wanangoja. Lakini watoto wetu watapanda juu ya yale tuliyoyafunga usiku, wala hawatatazama juu. Basi mwenye kumaliza kazi na arudi nyuma na taa yake, apapase reli yote kwa mkono.

Niliporudi nyumbani nalikwenda kwa wale ndugu wawili. Mdogo alinikaribisha. Mkubwa hakutoka nje. Nitakwenda tena, kwa neema ya Mungu, hata atoke.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu wa Injili