Kamera Nne na Picha Zilizobaki



Juma hili napenda tutafakari juu ya kifaa ambacho siku hizi karibu kila mtu anacho mfukoni, yaani kamera. Kwa muda wa miaka arobaini hivi nimemiliki kamera nne. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila, na ndivyo zilivyokuwa zote: kila moja ilikuwa na nguvu yake na udhaifu wake.

Ya kwanza ilikuwa Zenit-E, kamera ya Kirusi iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965 katika mji wa Krasnogorsk, karibu na Moscow. Niliinunua mwaka 1985 kwa mwalimu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni huko. Sifa yake kuu ni kwamba haikuhitaji betri hata moja. Kipima mwanga chake kilitumia seleni, ambayo hutoa umeme kidogo inapopigwa na mwanga; kwa hiyo hata mahali pasipo na duka kamera iliendelea na kazi. Lenzi yake, Helios ya milimita 58, ilipendeza sana kwa picha za sura za watu.

Hata hivyo, ilikuwa nzito, karibu kilo moja, na ukiivaa shingoni kutwa nzima jioni uliikumbuka. Kasi za shata zilianzia sehemu ya 1/30 ya sekunde na kuishia 1/500. Tena kabla ya kupiga ilikubidi ufungue tundu la lenzi ili uone vizuri unapolenga, kisha uzungushe pete kulifunga kwa kiasi kinachotakiwa, ndipo ubonyeze. Mtoto anayecheka hangoji hayo yote. Ndiyo maana katika picha zangu za miaka ile watu wamesimama wima kama askari, mikono imenyooka, macho yamekaza.

Ya pili ilikuwa Pentax K1000, niliyoipata ikiwa imetumika, mwaka 1990. Kamera hii ilitengenezwa tangu mwaka 1976 hadi 1997, na katika nchi nyingi wanafunzi wa upigaji picha walianza nayo, kwa sababu haina mambo mengi. Unachagua kasi, unazungusha pete ya tundu la lenzi, unatazama sindano ndogo ndani ya kitazamio, basi. Betri yake ndogo ni ya kipima mwanga tu. Ikiisha, shata inaendelea kufanya kazi.

Udhaifu wake? Haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Maadamu mwanga unaingia kwenye lenzi, betri inaliwa, na dawa yake ni kuifunika lenzi kila unapomaliza. Udhaifu wa pili si wake peke yake, bali ni wa vipima mwanga vingi. Kifaa hicho hudhani kwamba mbele yake kuna rangi ya kijivu cha wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, nacho kitaona weupe wa ukuta, kitapunguza mwanga, na uso wa mtu utatoka giza tupu. Nilizoea kusogea karibu, kupima mwanga usoni pake kwanza, kisha kurudi nyuma na kupiga. Huwezi kuipiga vema sura ya mtu kwa kumwachia mashine ikukadirie.

Tena filamu ilikuwa na picha 36 tu, na kila moja ilikuwa na gharama: ya kununua, ya kusafisha, ya kuchapisha. Umaskini huo wa picha ulitufundisha kutazama kabla ya kubonyeza.

Ya tatu ilikuwa ya dijitali, Canon PowerShot A520, iliyotoka mwaka 2005. Ilikuwa na megapikseli 4, ambazo zinatosha kabisa kuchapisha picha ya sentimita 15 kwa 10. Ilitumia betri mbili za kawaida za AA, zinazouzwa hata katika kibanda cha kijijini. Furaha yake kubwa ilikuwa kioo cha nyuma. Kwa mara ya kwanza bibi kizee aliweza kujiona papo hapo, akacheka, akaomba apigwe tena. Udhaifu wake ulikuwa kuchelewa kidogo baada ya kubonyeza, na picha za mahali penye mwanga hafifu kujaa chembechembe kama mchanga. Betri za bei rahisi nazo hazikudumu.

Ya nne ni simu, na sina haja ya kuieleza sana. Ipo mkononi wakati wote, na huunganisha picha kadhaa kwa mkupuo ili uso usiwe giza. Udhaifu wake ni wingi. Picha elfu nyingi zimelala humo, na hatuzirudii. Tukizituma kwa ujumbe, mara nyingi hupunguzwa ubora njiani.

Sasa, wapendwa, iliyo bora ni ipi? Kwa muda mrefu nilidhani jibu limo katika lenzi na megapikseli. Mwaka 2018 alifariki jirani yetu, mzee wa miaka sitini na kitu. Jioni ile mwanawe alikuja kwangu. “Shikamoo mzee. Mama anauliza kama una picha ya baba, ile ya harusi ya dada.” Harusi hiyo ilikuwa mwaka 2007, na picha zake nilizipiga kwa kamera ya dijitali. Lakini diski ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa mwaka 2010, na fundi hakuweza kuokoa kitu. Nyumbani kwao kilichokuwapo ni kitambulisho tu, chenye sura ya mtu aliyechoka kupanga foleni.

Tukafungua sanduku la negativu. Tukazishika moja moja mbele ya taa, hadi tukampata: mwaka 1993, wakati wa mavuno, amekunja mikono ya shati, gunia la mahindi begani. Ilikuwa kazi ya Pentax. Asubuhi ikachapishwa mjini, ikawekwa juu ya jeneza. Mjane aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Huyu ndiye aliyenioa.” Wajukuu waliomjua akiwa na mkongojo tu walisogea kumwona babu yao akiwa kijana.

Tangu siku ile kila kamera naipima kwa swali moja: siku mtu atakapokuja kubisha hodi, itaweza kumpa nini? Filamu iliyo sandukuni, pakavu, haihitaji umeme wala neno la siri ili isomeke. Picha ya dijitali inaweza kunakiliwa mara elfu bila kupungua ubora, na hiyo ni nguvu ambayo filamu haina. Lakini nakala isiyotolewa haimfikii mtu. Tazameni jambo hili: katika picha zangu za mwaka 2005 hadi 2009, zilizobaki ni zile tu nilizochapisha na kuwagawia watu. Wenyewe walizitunza ukutani na ndani ya albamu, na baadaye wakaniazima nizinakili.

Basi juma hili, fungueni simu zenu. Chagueni picha kumi za watu mnaowapenda, mkaanze na wazee. Zichapisheni, andikeni nyuma jina na mwaka, kisha msizifungie kabatini: wapelekeeni wenyewe.

Nawatakieni juma jema.